Shaba ya Zambia na Bandari ya Dar es Salaam

Fungua ramani ya Afrika, uweke kidole juu ya mji wa Kitwe katika nchi ya Zambia. Kisha ukipeleke upande wa mashariki, kikielekea kaskazini kidogo, mpaka kifike Dar es Salaam. Kidole huimaliza safari hiyo kwa kitambo kidogo, lakini shaba ikienda kwa reli husafiri kama kilometa 2,000, ikipita misitu na mabonde, mito na milima. Mtu wa Kitwe husema Kibemba, na wengi wao hawajaiona bahari. Mpagazi wa bandarini husema Kiswahili, naye hajapata kushuka ndani ya shimo la madini. Hawajuani hata kidogo. Hata hivyo, ikiwa shaba haishuki pwani, mpagazi hana kazi; na ikiwa merikebu hazipakii, mchimbaji naye hana mshahara. Basi habari hii yaeleza jinsi pande hizi mbili zilizo mbalimbali zilivyofungamana, na jinsi fungamano hilo lilivyokaribia kukatika.

Kwanza tazama mipaka ya Zambia. Nchi nane huizunguka: Tanzania, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, Botswana, Namibia, Angola na Kongo. Bahari haiigusi mahali popote. Nchi ya namna hii ni kama nyumba iliyojengwa katikati ya nyumba za wengine, isiyo na njia yake ya kutokea barabarani. Mwenye nyumba hiyo hana budi kupita katika ua wa jirani kila siku. Jirani akiwa mwema, hupita salama. Jirani akikasirika, hufunga mlango, na aliye ndani hana la kufanya.

Shaba ya Zambia huchimbwa upande wa kaskazini wa nchi, karibu na mpaka wa Kongo, katika miji ya Kitwe, Chingola, Mufulira na Luanshya. Mawe hutolewa chini ya ardhi, yakasagwa, yakayeyushwa kwa moto mkali, na mwisho shaba husafishwa hata ikawa mabamba mekundu yanayong'aa. Watu wa mbali huitaka sana, maana umeme hupita ndani yake kwa wepesi, na nyaya nyingi za taa na za mashine hufanywa kwayo. Lakini shaba ni nzito. Haiwezi kuchukuliwa kichwani wala kwa punda. Hutaka gari la moshi na merikebu. Katika miaka ya kwanza ya uhuru, Zambia ilipata kwa shaba zaidi ya sehemu tisa katika kila kumi za fedha zilizotoka ng'ambo. Dawa za hospitali, vitabu vya shule na mishahara ya walimu vilitegemea mabamba hayo kufika baharini.

Reli ya kwanza ya nchi hiyo ilitoka kusini. Daraja la juu ya mto Zambezi, karibu na maporomoko makubwa, lilimalizika mwaka 1905, na baadaye reli ikaendelea kaskazini mpaka penye madini. Kwa hiyo shaba ilishuka kupitia nchi iliyoitwa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, mpaka bandari ya Beira. Njia nyingine ilipita Kongo na Angola mpaka Lobito. Zambia ilipopata uhuru mwezi wa Oktoba 1964, milango hiyo yote miwili ilikuwa mikononi mwa watu wengine.

Mwaka mmoja haujapita sana, taabu ikaanza. Tarehe 11 Novemba 1965, Wazungu waliotawala Rhodesia, wakiongozwa na Ian Smith, walijitangazia uhuru wao wenyewe, huku watu weusi walio wengi wakinyimwa haki ya kutawala. Uingereza ikakataza mafuta yasiingie Rhodesia. Nayo Rhodesia ikakata mafuta ya Zambia, maana yalipita kwake. Ndipo watu wakatambua jinsi Zambia ilivyofungwa: reli ilipita Rhodesia, makaa ya mawe ya kuyeyushia shaba yalitoka Wankie, ndani ya Rhodesia, hata mitambo ya umeme ya Kariba ilikuwa ng'ambo ya kusini ya mto.

Katika dhiki hiyo Dar es Salaam ikawa mlango wa dharura. Ndege zilibeba mafuta ndani ya mapipa, pipa kwa pipa, jambo la gharama kubwa mno. Malori nayo yakashika barabara ya Iringa na Mbeya kuelekea Tunduma. Barabara hiyo siku zile ilikuwa ya udongo mahali pengi. Wakati wa kiangazi vumbi lilimfumba macho dereva. Wakati wa masika matope yaliyameza magurudumu. Magari mengi yalianguka mabondeni, na madereva wakaiita njia ya Jehanamu. Mwaka 1968 bomba la mafuta lenye urefu wa kilometa 1,710 lilimalizika, kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, na taabu ya mafuta ikapungua. Lakini shaba haipiti ndani ya bomba.

Shauri la kujenga reli lilikuwa la zamani, ila halikupata mtu wa kulilipia. Benki ya Dunia ilipolichunguza mwaka 1964 ilitoa maoni kwamba haitaleta faida ya kutosha. Nchi za Magharibi nazo zikasita. Hesabu yao haikuwa ya kijinga, kwa maana reli hugharimu mali nyingi na mizigo ya wakati ule ilikuwa na njia nyingine; lakini walihesabu fedha peke yake, wasihesabu thamani ya mlango kwa mtu aliyefungiwa ndani. Rais Julius Nyerere wa Tanzania alikwenda China mwezi wa Februari 1965, na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia akaenda mwaka 1967. Wachina nao hawakuwa matajiri siku zile, hata hivyo walikubali. Mapatano ya nchi tatu yalitiwa sahihi mjini Beijing tarehe 5 Septemba 1967.

Deni lenyewe lilikuwa yuani milioni 988, lisilo na riba, la kulipwa kwa muda wa miaka 30, nusu kwa Tanzania na nusu kwa Zambia. Hapa yafaa kueleza jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Reli na saruji zingeweza kuja kutoka China, lakini wafanyakazi wa Kiafrika hawakuweza kulipwa kwa yuani. Walihitaji shilingi na kwacha. Zipatikane wapi? Njia iliyotumika ni hii: China ilizikopesha nchi hizi mbili bidhaa za madukani, kama nguo, vyombo na vifaa vya kazi. Bidhaa hizo ziliuzwa kwa watu, na fedha zilizopatikana zikalipa mishahara njiani. Kwa hiyo mtu aliyenunua kitambaa cha Kichina Morogoro au Kasama alisaidia kuijenga reli, pengine bila kujua.

Kazi ilifunguliwa mwezi wa Oktoba 1970. Makumi ya maelfu ya Waafrika na Wachina walifanya kazi pamoja, wakilala kambini, wakielewana kwa ishara na kwa maneno machache ya Kiswahili. Kutoka Dar es Salaam njia ilipita nchi tambarare, ikaingia pori kubwa la wanyama, ikafuata bonde la Kilombero lenye mito na mabwawa. Hapo mvua ilikuwa adui, lakini si adui mkubwa. Adui mkubwa alikuwa mbele, kati ya Mlimba na Makambako.

Mlimba iko chini bondeni. Makambako iko juu, katika baridi ya nyanda za juu, na baina yao pana kama kilometa 160 za majabali na makorongo. Katika mwendo huo reli hupanda zaidi ya meta 1,200. Gari la moshi si mbuzi. Magurudumu yake ni ya chuma, nayo reli ni ya chuma, na chuma juu ya chuma huteleza. Kwa hiyo njia haiwezi kupanda mlima moja kwa moja, bali huuzunguka polepole. Mlima ukizuia, hutobolewa tundu refu la kupitia gari. Korongo likizuia, hujengwa daraja. Matundu mengi ya reli nzima, na madaraja kadhaa, yamo katika sehemu hii, na daraja la mto Mpanga lina nguzo zenye kimo cha kama meta 50, yaani kama minazi miwili mirefu iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine. Udongo uliporomoka, mawe yakaanguka, watu wakafa. Katika ujenzi wote walikufa Wachina zaidi ya 60, na Waafrika nao, na baadhi ya Wachina hao wamezikwa Dar es Salaam katika makaburi yanayotunzwa hata leo.

Mataruma ya reli hii, yaani magogo yanayolazwa chini ya vyuma, hayakufanywa kwa mti bali kwa saruji. Mchwa wa nchi hii wanajulikana. Nao hawali saruji.

Jambo jingine lililotaka akili ni upana wa njia. Reli ya Kati, itokayo Dar es Salaam kwenda Tabora na Kigoma, ilijengwa na Wajerumani kwa upana wa meta moja kamili kati ya chuma na chuma. Reli za Zambia na za kusini mwa Afrika zina milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67 tu, upana wa vidole vichache vya mkono. Mtu atasema, vidole vichache ni nini? Lakini gurudumu la gari la moshi halina huruma: lisipokaa sawasawa juu ya chuma, huanguka. Basi ilipasa kuchagua ndugu mmoja na kumwacha mwingine. Ikachaguliwa njia ya Zambia, kwa kuwa shabaha ilikuwa shaba, na mabehewa yaliyopakiwa penye madini yaweze kushuka mpaka pwani bila kufunguliwa. Hasara yake ni kwamba katika mji mmoja wa Dar es Salaam reli mbili zilikaa jirani na mabehewa ya moja hayakuweza kuingia katika nyingine. Ilikuwa mpaka mwaka 1998 pakawekwa mahali pa kuhamishia mizigo huko Kidatu, ambako tawi la Reli ya Kati linakutana na reli hii.

Vyuma vilifika mpaka wa Zambia mwaka 1973, mwaka ule ule ambao mpaka wa Zambia na Rhodesia ulifungwa. Mwaka 1975 vilifika Kapiri Mposhi, ambako reli mpya ilikutana na ya zamani. Urefu wote ulikuwa kilometa 1,860, na tarehe 14 Julai 1976 Wachina waliikabidhi kwa serikali mbili. Jina lake ni TAZARA, lakini watu wengi waliiita Reli ya Uhuru. Gari moja la abiria lilipewa jina la Mukuba, ambalo kwa Kibemba ni shaba.

Reli hii ni mali ya nchi mbili kwa sehemu sawa. Jambo hilo ni rahisi kusema, gumu kutenda. Makao makuu yaliwekwa Dar es Salaam, na ofisi nyingine kubwa Mpika upande wa Zambia. Kwa miaka mingi mkurugenzi mkuu alitoka Zambia, na msaidizi wake Tanzania. Palipotakiwa injini mpya, serikali mbili zilipaswa kutoa fedha. Na mmoja akichelewa, mwingine naye husubiri. Wakulima wawili wanaomiliki ng'ombe mmoja wa kulimia wanalijua jambo hili: kila mmoja hutaka kulima, na kila mmoja humtazamia mwenziwe amlishe.

Wala hapakukosa manung'uniko. Katika miaka ya kwanza bandari ya Dar es Salaam ilijaa mizigo kupita nguvu zake, na bidhaa za Zambia zikakaa muda mrefu zikingoja. Injini zilizoletwa mwanzo hazikuwa na nguvu za kutosha kwa mlima ule wa Mlimba. Mwezi wa Oktoba 1978 msimu wa kupanda ulikaribia, na mbolea ya Zambia haikufika. Rais Kaunda akaamua kuifungua tena njia ya kusini. Uamuzi huo uliwachukiza wengi, kwa kuwa vita vya kuikomboa Rhodesia vilikuwa vikiendelea. Lakini mahindi hayangoji siasa, na mtu mwenye watu wa kulisha si wa kulaumiwa upesi. Mwaka uliofuata majeshi ya Rhodesia yalilipua daraja la mto Chambeshi katika Zambia, wakaikata reli mpya. Kwa tendo hilo adui mwenyewe alishuhudia kwamba njia ile ilikuwa na thamani.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Lori kubwa huchukua kama tani 30 za shaba. Gari la moshi lenye mabehewa 20, kila behewa tani 40, huchukua tani 800, yaani mzigo wa malori 27, kwa kutumia injini moja au mbili na watu wachache. Barabara haiharibiki, na mafuta yanayotumika kwa kila tani ni machache. Basi mbona malori yameijaza barabara ya Tunduma?

Sababu ni kwamba mwenye mali hatafuti bei ndogo tu. Hutaka pia kujua mzigo wake utafika lini. Dereva wa lori akiondoka Kitwe, aweza kutaja siku ya kufika. Gari la moshi lilifika siku likijaliwa kufika. Injini ziliharibika, vipuri vikakosekana, na mabehewa yakasimama vituoni majani yakiota chini yake. Tena Zimbabwe ilipata uhuru mwaka 1980, na Afrika Kusini ikabadilika mwaka 1994, hata milango ya kusini ikafunguka yote. Mizigo ikapungua, mizigo ilipopungua, fedha zikapungua, fedha zilipopungua, mishahara ikachelewa na matengenezo yakaachwa, na matengenezo yalipoachwa, mizigo ikazidi kukimbia. Reli iliyojengwa kwa kuchukua tani milioni 2 kwa mwaka ilibeba zaidi ya tani milioni 1.2 katika miaka yake ya kwanza. Katika mwaka wa hesabu wa 2014 na 2015 ilibeba tani 88,000 tu. Gawanya mwenyewe: haifiki sehemu moja katika kumi na tatu.

Hata hivyo kuna watu ambao hawakuiacha, nao hawaandikwi sana katika hesabu za shaba. Ni wakulima na wachuuzi wa njiani. Bonde la Kilombero hukaa majini miezi ya mvua, na barabara zake zilikuwa mbaya miaka mingi. Mwanamke wa Mlimba mwenye magunia mawili ya mchele hakuwa na soko ila lile lililoletwa na gari la moshi. Alipakia magunia yake, akapanda mpaka nyanda za juu ambako mpunga hauoti kwa sababu ya baridi, akauza, akanunua maharagwe na viazi, akarudi. Kila kituo kikawa soko la saa moja: ndizi, miwa, kuku, samaki wakavu, vyote vikipitishwa madirishani. Walioipima reli hawakuwahesabu watu hawa, maana katika shauri la kwanza hawakutajwa. Gari lilipochelewa siku mbili, kampuni ya madini ilipeleka shaba yake kwa lori. Mchuuzi wa ndizi aliziona ndizi zake zikioza kituoni.

Biashara ya nchi hizi mbili nayo haiendi upande mmoja. Shaba hushuka; mafuta, mashine, mbolea na salfa inayotumika katika kazi ya madini hupanda. Jambo hili ni kubwa kwa reli yoyote, kwa kuwa behewa lirudilo tupu hula mafuta bila kulipa nauli. Mwaka 2024 ukame mkali uliipiga Zambia, mahindi yakakauka mashambani, na Tanzania, ambayo ilikuwa na akiba, ikakubali kumwuzia jirani. Ikaonekana tena kwamba mlango uliofunguliwa kwa ajili ya madini waweza kupitisha chakula.

Mwezi wa Septemba 2024, mjini Beijing, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania, Rais Hakainde Hichilema wa Zambia na Rais Xi Jinping wa China, ilitiwa sahihi hati ya kuifufua reli. Mwaka 2025 mapatano yakakamilishwa, kampuni ya Kichina ipewe kuitengeneza na kuiendesha kwa miaka 30, kwa mali ya dola za Kimarekani kama bilioni 1.4. Mara hii si mkopo usio na riba baina ya serikali, bali ni biashara, na kampuni itatazamia faida yake. Upande wa pili wa bara, njia ya zamani ya Lobito nayo inafufuliwa kwa msaada wa Marekani na nchi za Ulaya, nayo huitamani shaba ile ile. Mchimbaji wa Kitwe ambaye babu yake alikuwa na milango miwili, nayo mikononi mwa watu wengine, sasa ana milango kadhaa ya kuchagua. Mpagazi wa Dar es Salaam hana shaba nyingine ya kuchagua. Naye ndiye mwenye sababu kubwa ya kutaka kujua kama mataruma yaliyopasuka kule mlimani, kati ya Mlimba na Makambako, yamekwisha kubadilishwa.